Ng'ombe Nitatoa, Neno Sitoi

Nyanda wa Kasoli angekupa ng'ombe, angekupa shamba, angekuvulia hata koti alilolivaa. Lakini neno "chonde" usingelipata kinywani mwake. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wa Nyanda, jamani, ulikuwa nao, na mfupa wenyewe ulikaa palepale neno hilo lilipotakiwa kupita.

Na tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe, maana siku hizi watu wanalitumia hovyo. Mtu anataka kuongezewa mchuzi, eti chonde! "Naomba" unaisema ukitaka chumvi kwa jirani, na akikunyima unakwenda kwa mwingine. "Tafadhali" ni ya ofisini. "Samahani" unamwambia uliyemkanyaga mguu, kisha unaendelea na safari yako. Chonde ni jambo jingine kabisa. Chonde husemwa na mtu ambaye hana cha kutoa wala pa kukimbilia, amebaki na huyo mmoja tu aliye mbele yake. Ndivyo Esteria, mke wa Nyanda, alivyofundishwa na bibi yake kule Mwamanyili, na ndivyo alivyomfundisha binti yao Milembe kabla hajaolewa kijiji cha Sola. "Ukiwa umeshika kitu mkononi," alimwambia, "hiyo siyo chonde, mwanangu. Hiyo ni biashara."

Na Nyanda alikuwa mtu wa biashara.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali iwaruhusu watu binafsi kununua pamba. Zamani kilikuwa chama cha ushirika peke yake. Unapeleka pamba yako, unapewa karatasi, unangoja malipo mpaka unasahau ulilima nini. Sasa wakaja wanunuzi na malori yao kutoka Mwanza, wanalipa hapohapo, na mmoja wao akamchagua Nyanda awe wakala wake. Mzani ukatundikwa uani kwake. Msimu ukifunguliwa boma lilijaa mikokoteni, punda, mafurushi ya pamba na kelele za watu. Nyanda akaezeka bati, akanunua baiskeli mpya. Hakuwa mchoyo, tumpe haki yake. Mwenye shida alisaidiwa kabla hajamaliza kueleza. Ila taratibu alianza kuamini kwamba katika soko huria kila kitu kina bei yake, na aliyelipa bei hana lawama.

Ndipo akafa Kristofa.

Kristofa alikuwa jirani yake. Walichunga ng'ombe pamoja wakiwa watoto, wakaoa mwaka mmoja, na wake zao, Esteria na Generoza, wakawa kama waliozaliwa tumbo moja. Alikufa kwa homa, katikati ya Julai, msimu umepamba moto. Siku ya mazishi lori lilikuwa limesimama uani kwa Nyanda, na dereva amekwisha sema kwamba lisipopakiwa siku hiyo anakwenda kwa wakala mwingine. Nyanda alimlilia rafiki yake, msidhani hakumlilia. Machozi yalimtoka huku anasoma mzani. Kisha akafanya kosa ambalo hakuna mtu wa Kasoli angelifanya kabla ya malori hayo kufika. Alimwambia mchungaji wake wa ng'ombe achague dume lililonona kuliko yote, alipeleke msibani badala yake.

Wanaume walikuwa kaburini, wanapokezana majembe, jasho linawatiririka. Wakaliona dume linakuja na mchungaji. Wakatazama nyuma yake, labda mwenyewe amechelewa kidogo. Hakuwepo.

"Ametuma ng'ombe aje kuchimba," alisema Mboje, mkuu wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, na hakuna aliyecheka.

Dume lilirudishwa jioni ileile. Esteria, ambaye alikuwa msibani tangu alfajiri amemkumbatia Generoza, alilipita njiani akirudi nyumbani, akajua kwamba mambo yameharibika.

Haikupita muda dagashida ikakaa, lile baraza la kijiji ambalo hata mwenye bati husimama mbele yake. Hukumu yenyewe haikuwa ngumu. Nyanda aje mikono mitupu, achuchumae mbele ya watu, aseme: "Chonde ndugu zangu, nimewakosea, nirudisheni." Kisha atoe ng'ombe mmoja, achinjwe, wale pamoja, yaishe. Wangapi walikwisha fanya hivyo! Unachuchumaa, unasema, jioni mnakunywa pombe pamoja.

Nyanda akasimama. "Ng'ombe nitatoa," alisema. "Mkitaka wawili, nitatoa. Neno sitoi."

"Ng'ombe tunao, Nyanda," Mboje akamjibu. "Tunataka hilo neno."

"Basi mtalingoja."

Sababu alikuwa nayo. Mwaka mmoja wa njaa, akiwa mtoto, baba yake alimshika mkono wakaenda kwa tajiri mmoja kuomba mtama. Baba yake alipiga magoti uani tangu asubuhi, chonde, chonde, na tajiri akatoka, akamtazama, akarudi ndani kula. Walisikia vyombo vikigongana. Walirudi nyumbani na kikapu kitupu, na njia nzima baba hakumtazama mwanawe usoni. Siku ile Nyanda alijiapiza kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake mpaka anaingia kaburini. Mimi namwelewa, na wewe unamwelewa. Lakini wale waliokaa barazani hawakuwa yule tajiri. Walikuwa majirani zake, kucha zao bado zina udongo wa kaburi la Kristofa. Hilo hakuliona.

Wakamtenga.

Kutengwa usikusikie kwa mbali. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa moto wala kukuazima jembe, na ng'ombe wako wanachungwa peke yao kama wana kidonda. Anayekusemesha anatozwa faini. Wenye pamba waliipeleka kwa wakala mwingine, si soko huria wenyewe mlilitaka? Mzani ukabaki unaning'inia uani, kuku wanachakura chini yake.

Nyanda mwenyewe alivumilia. Mwanaume ana baiskeli. Anapanda, anakwenda Bariadi mjini, anapata wa kupiga naye soga. Aliyeadhibiwa ni Esteria. Huyu alikuwa mwanamke wa watu, mwanamke ambaye hawezi kupita mlangoni kwako bila kuuliza mtoto amelalaje. Sasa akifika kisimani maneno yanakatika. Siku za kwanza alijisahau, akasema "Mwangaluka!" kwa furaha kama alivyozoea, na salamu yake ikabaki hewani hakuna wa kuipokea. Wakainamia ndoo zao wote, na wengine walikuwa wanaona haya kuliko yeye.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Generoza, mjane mwenyewe, yeye ambaye ndiye aliyekosewa. Sheria ilimkataza kumsemesha Esteria. Haikumkataza kuisemesha ndoo.

"Mwangaluka, ndoo yangu," alisema asubuhi moja, akiiinamia. "Umeamkaje? Mimi mzima, ila usiku silali. Namkumbuka baba watoto."

Esteria naye akaitazama ndoo yake. "Pole, ndoo," alisema. "Mungu atakutia nguvu. Na mimi namkumbuka."

Wanawake wengine waligeuka upande, wanabana vicheko kwenye khanga. Tangu siku hiyo mambo yote yalipitia kwenye ndoo: nani amejifungua, kuku wa nani ameliwa na kicheche, mchele unauzwaje. Esteria alikuja kumsimulia mumewe, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko chenyewe kikageuka.

"Naongea na ndoo, Baba Milembe," alisema, analia. "Mimi, Esteria, naongea na ndoo!"

"Watachoka wenyewe," Nyanda alisema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Hawakuchoka. Mvua za kwanza ziliponyesha, tumbo la Esteria likaanza kuvimba. Hospitali ya Bariadi wakawaandikia waende Mwanza. Huko Mwanza walimlaza, wakampima, kisha daktari akamwita Nyanda pembeni na kumwambia kwa upole akamtunze nyumbani. Nyanda alikuwa tayari kulipa. Aliuza ng'ombe, akazunguka kwa waganga mpaka ng'ambo ya Maswa, akalipa kila palipolipika. Milembe alikuja kutoka Sola na mtoto mgongoni, akamuuguza mama yake, lakini palizi ikawazidi kwake na mumewe akamwita. Wakabaki wawili, kwenye nyumba ya bati.

"Mimi nimekwisha jua ninakokwenda," Esteria alimwambia siku moja, kavu tu, kama anayezungumzia kwenda mnadani. "Siogopi. Ila kuna kitu kimoja nakitaka kwanza. Nataka kusikia hodi. Mtu asimame pale langoni aseme hodi, na mimi niseme karibu. Basi. Nisife kama mbwa aliyepotea porini."

Alfajiri yake Nyanda alichagua mafahali wawili, akawaswaga mwenyewe mpaka kwa Mboje.

Mboje alitoka nje, akaona mafahali, akaona mikono ya Nyanda imeshika kamba. Alikuwa mtu mzima mwenye huruma, na alijua habari za mgonjwa. Kijiji kizima kilijua. Lakini sheria ni sheria, na yeye ndiye mlinzi wake. Akamsogelea fahali wa mbele, akamshika pembe.

"Wewe fahali," alisema, "rudi nyumbani. Wewe hukumkosea mtu."

Akaingia ndani. Nyanda alirudi na mafahali wake, uso unamwaka.

Sasa nani atachota maji? Mgonjwa hawezi kuinuka, binti yuko mbali. Nyanda akachukua ndoo akaenda kisimani, yeye mwanaume na mvi zake. Kusema naye kulikatazwa. Kucheka hakukukatazwa, basi wakacheka. Generoza hakucheka. Alijaza ndoo yake, akachuchumaa mbele yake, akaanza kuisemesha kwa hasira.

"Wewe ndoo," alisema, "mwenzangu anakufa pale, naliona bati lake kutoka mlangoni kwangu, na sina ruhusa ya kumpelekea uji. Aliyemtelekeza mume wangu nimekwisha msamehe. Nilimsamehe siku ileile, maana najua alimpenda. Lakini mimi siwezi kumfungulia mlango, ufunguo anao mwenyewe mdomoni. Ndoo, hivi mtu anakufa na kiburi chake ili iweje? Akakile kaburini?"

Akajitwika, akaondoka. Nyanda alisimama na ndoo yake tupu mpaka wanawake wote wakaisha kisimani.

Alipofika nyumbani Esteria alikuwa macho. Alimwomba mumewe akae karibu, na Nyanda akakaa kwenye kigoda. Kisha yule mgonjwa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote, hata wakati wa ugomvi, hata wakati wa njaa. Alitoa mikono yake miwili nje ya shuka, imekonda, akaikunjua mbele ya mumewe.

"Tazama, haina kitu," alisema. "Chonde, Baba Milembe. Liseme kwa ajili yangu. Chonde."

Maisha yake yote Nyanda alikuwa amejiona kwenye nafasi ya baba yake, mtu anayeogopa kupiga magoti. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna siku yeye ndiye atakayekuwa yule tajiri, amekaa ndani anakula, na nje kuna mtu anamlilia. Na mtu mwenyewe ni mkewe. Akaishika ile mikono, akailaza usoni kwake, akalia kama mtoto.

"Kesho," alisema. "Kesho dagashida inakaa. Naenda kesho, Mama Milembe."

Asubuhi alimwogesha. Akamvika kitenge kipya alichomnunulia mwaka wa kwanza wa malori, akamfunga kitambaa kichwani, upande upande kidogo kwa kuwa hakuzoea kazi hiyo, na Esteria akatabasamu akakinyoosha mwenyewe. Kisha akambeba mpaka mlangoni, akamkalisha juu ya ngozi, ameegemea mwimo wa mlango, anatazama njia.

"Niache hapahapa," Esteria alisema. "Nataka niwaone wanavyokuja. Usichelewe."

"Sichelewi."

Nyanda alifika mbele ya watu bila fimbo, bila kofia, bila kamba. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Akachuchumaa, halafu akaona haitoshi, akapiga magoti kabisa.

"Chonde," alisema.

Jamani, sauti iliyotoka haikuwa yake. Wazee waliinamisha vichwa.

"Chonde ndugu zangu. Nilimwacha Kristofa. Nilituma ng'ombe aende kumzika rafiki yangu, na mimi nipo, mzima, nina mikono. Chonde, nirudisheni. Mke wangu anawangoja. Chonde, chonde." Na lilipokwisha toka la kwanza hakuweza kulizuia tena, likawa linatoka tu na machozi, mpaka Mboje akainuka akamshika mabega.

"Inatosha, ndugu yetu," alisema. "Inuka. Yamekwisha."

Generoza alikuwa amesimama tayari. "Mwangaluka, shemeji!" alisema kwa nguvu, wa kwanza kumsalimu, na machozi yanamtoka. "Ng'ombe atachinjwa kesho. Leo kuna mgonjwa, twendeni!"

Wakaenda. Wanawake walipitia majumbani kwao, huyu kabeba unga, huyu kuni, huyu maziwa kwenye kibuyu, wakaungana njiani wanapiga vigelegele. Generoza aliwahimiza wapige kwa nguvu ili mwenyewe asikie wangali mbali. Nyanda alitembea katikati yao anafuta macho, anacheka, anasalimiwa kushoto na kulia. Aliona kama ameshushwa mzigo aliokuwa amejitwika tangu utotoni.

Pale langoni wote wakasimama, maana hodi ilikuwa ya Generoza.

"Hodi!" aliita. "Hodi, Mama Milembe!"

Esteria alikuwa palepale alipoachwa, ameegemea mwimo, uso umeelekea njiani. Kitambaa chake kilikuwa kimekaa sawasawa.

"Hodi wenyewe!"

"Amesinzia," alisema Nyanda, anatabasamu. "Usiku hakulala. Mama Milembe, wageni!"

Generoza alijua kabla yake. Alishusha unga chini, akaenda polepole, akasema hodi ya tatu kwa sauti ya chini kama anayemwamsha mtoto, akachuchumaa na kuushika mkono wa rafiki yake.

"Mwangaluka, Esteria," alisema. Akasubiri. Kisha akaanguka kifuani pake akapiga yowe.

Nyanda hakupiga yowe. Alipiga magoti akawa anamtazama Generoza, anamshika mkono, anamsumbua kwa swali moja. "Alisikia? Shemeji, vigelegele vilifika mpaka hapa. Mwili bado una joto. Alisikia?"

"Sijui, shemeji."

"Lazima alisikia. Angalia, alikuwa anatazama njia."

"Alikuwa anatazama," Generoza alisema. Alikuwa mwanamke asiyejua kudanganya, hata kwa huruma. "Lakini sijui."

Wakaja watu wote. Hakuna msiba uliojaza watu Kasoli kama ule. Waliomtenga walikuja wanalia kwa sauti, wengine wanamwomba radhi maiti. Milembe aliletwa kutoka Sola. Wanaume wakaja na majembe, wakapima mahali pa kaburi upande wa juu wa boma, wakaanza kuchimba kwa zamu.

Nyanda akaja, akachukua jembe lililokuwa limelazwa pembeni, akataka kuingia shimoni. Mboje akalishika mpini.

"Mfiwa hachimbi, Nyanda. Unajua."

"Niache nichimbe."

"Haijawahi kufanyika."

Nyanda akaliachia jembe. Akapiga magoti kwenye udongo mpya, akaikunjua mikono yake miwili, mitupu, kama alivyokunjuliwa yeye. "Chonde, Mboje," alisema. "Chonde ndugu zangu. Kristofa sikumchimbia. Huyu niacheni nimchimbie mimi. Chonde."

Alilisema vizuri. Hakuna aliyelisema vizuri hivyo Kasoli, wala hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumpa alichoomba. Mboje alichuchumaa akamkumbatia. "Kazi yako ni kulia," alimwambia. "Kuchimba ni kwetu sisi. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunakuambia." Wakamwinua, wakamkalisha kwenye kigoda pembeni, na majembe yakaendelea.

Generoza akamletea maji. Alitua ndoo mbele yake, akachota kwa kikombe, akamnyooshea. "Kunywa, shemeji."

Nyanda hakukipokea kikombe. Alikuwa anaitazama ndoo. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa maji.

"Wewe ndoo," alisema, "mwambie nililisema. Chonde, mwambie."